Kompyuta Haijafa: Kutafuta Hitilafu na Kuboresha EFI ya Datsun 280Z

Datsun 280Z ikianza kumisi, kutoa moshi mweusi na kunywa petroli kupita kiasi, hukumu hutolewa kabla boneti haijafunguliwa vizuri: kompyuta imekufa, ng'oa mfumo wote wa EFI (unaonyunyiza petroli kwa amri ya kompyuta), funga kabureta. Nimeisikia hukumu hiyo mara nyingi na huniuma kila mara, kwa sababu kompyuta ya gari hili ni miongoni mwa vitu vya mwisho kabisa kuharibika. Kinachoharibika ni plagi ya waya iliyoshika kutu, mpira uliopasuka ndani ya mkunjo, athi (waya wa kurudisha umeme kwenye betri) iliyolegea. Ni vitu vya bei ya chai na maandazi. Na mtu akifunga kompyuta mpya ya kisasa bila kuvigusa, maradhi yale yale huhamia kwenye chombo cha gharama kubwa zaidi.

Kwa hiyo kazi ina hatua mbili, na mpangilio wake haugeuzwi: kwanza gari litembee vizuri kwa mfumo wake wa zamani, ndipo tuzungumze kuboresha.

Ukoo wa gari hili Afrika Mashariki inaufahamu. 240Z ilishinda East African Safari Rally mwaka 1971 ikiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikarudia mwaka 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Hizo zilikuwa za kabureta. Mdogo wao, 280Z, alitengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani kuanzia modeli ya 1975, wakati sheria za moshi za huko zilikuwa zimeibana kabureta hadi gari likawa kero kuliendesha. Nissan walichukua mfumo wa Bosch uitwao L-Jetronic wakaufunga kwenye injini ya L28E, silinda sita, lita 2.8. Herufi L inatokana na neno la Kijerumani Luft, yaani hewa, na humo ndimo mlimo na siri ya mfumo: unapima hewa. Kabla yake Bosch walikuwa na D-Jetronic, uliotoka na Volkswagen 1600 mwaka 1967, ambao ulikadiria hewa kwa kupima presha ndani ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda.

Mwenye Hilux ya 22R-E au Hilux Surf ya 3VZ-E asiache kusoma. Mita yake ya hewa ni ya ukoo huo huo, na karibu kila kipimo kitakachotajwa hapa kina ndugu yake chini ya boneti lake. Tarakimu tu ndizo atakazotafuta kwenye kitabu cha injini yake.

Kinachohesabiwa

Kabureta hufanya kazi kwa kunyonywa: hewa ikipita kwenye koo lake, petroli hufuata yenyewe. EFI haisubiri kunyonywa. Pampu ya umeme husukuma petroli kwa presha isiyobadilika hadi kwenye nozeli sita, na kila nozeli ni bomba dogo lenye sindano inayoinuka kiasi cha sehemu ya kumi ya milimita umeme unapopita. Kwa kuwa presha haibadiliki na tundu halibadiliki, kinachobaki kuamua kiasi cha petroli ni muda: nozeli ifunguliwe kwa muda gani. Injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, ule ambao magereji ya Dar es Salaam huuita sailensa, muda huo ni kama elfu mbili za sekunde. Ukikanyaga, unarefuka mara kadhaa.

Kazi yote ya kompyuta ni kuamua muda huo. Inahitaji kujua mambo mawili makubwa. La kwanza, hewa kiasi gani imeingia. Hilo huambiwa na mita ya hewa, ambayo mafundi wengi huiita eaflo, kiboksi chenye kilango ndani kinachosukumwa na hewa inayoingia na kurudishwa na springi. La pili, injini inazunguka kwa kasi gani. Hilo huhesabiwa kutoka upande hasi wa koili ya cheche, mlipuko kwa mlipuko. Kila baada ya cheche tatu kompyuta hufungua nozeli zote sita kwa pamoja, nusu ya petroli katika kila mzunguko wa krenkishafti. Haichagui silinda. Watu hushangaa wakisikia hivyo, lakini petroli inayofika mapema husubiri nyuma ya valvu na kuyeyuka kuwa mvuke, na injini hailalamiki.

Yaliyobaki ni marekebisho: joto la maji, joto la hewa, swichi ya throto (kilango cha hewa kinachofunguliwa na pedali) inayosema kama mguu umeachia kabisa au umekanyaga hadi mwisho, na volti za betri, kwa sababu betri ikiwa dhaifu nozeli huchelewa kufunguka na kompyuta huongeza muda kufidia.

Sasa angalia kisichokuwepo. 280Z haina sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Kompyuta haionji moshi, haijui kama ilichokadiria kilikuwa sahihi. Inaamini kila inachoambiwa, na ikidanganywa na waya mmoja itapika chakula kibaya kwa uaminifu mkubwa hadi petroli iishe. Ukilielewa hili umeelewa nusu ya ufundi wote wa mfumo huu: usiulize kompyuta ina nini, uliza nani anaidanganya.

Anza mbali na kompyuta

Kabla ya kugusa chochote cha EFI, hakikisha injini yenyewe ni nzima. Pima kompresheni. Pima nafasi za valvu. L28 ikiwa ya moto hutaka milimita 0.25 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za kutolea. Kagua plagi za cheche, kofia ya distribyuta, nyaya za plagi hizo, taimingi. Hili si adabu tu ya kazi. Kompyuta huhesabu mzunguko kutoka kwenye koili, hivyo mfumo wa cheche ukiwa na hitilafu, hesabu ya petroli nayo huharibika, na utaona dalili za mafuta kumbe mgonjwa ni cheche.

Kisha umeme. Chukua mita ya umeme, weka kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ukisoma zaidi ya sehemu mbili za kumi za volti, athi yako haifai. Rudia kipimo kati ya betri na manifoldi ya kuingiza, mahali nyaya za athi za EFI zinapofungwa, injini ikiwa inaunguruma. Ng'oa, kwangua hadi chuma king'ae, funga tena. Plagi za nozeli na sensa hushikwa na klipu ya waya mwembamba. Itoe kwa bisibisi ndogo, usivute kwa nguvu, maana plastiki ya miaka hamsini huvunjika kama biskuti. Ndani utakuta mara nyingi unga wa kijani. Huo ndio uongo ninaousema. Unga huo huongeza omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) kwenye njia ya sensa, na kwa mfumo unaosoma omu kama lugha yake, unga ni maneno ya uongo.

Ukibadilisha plagi, badilisha pia pini zake za ndani, kisha zibane kwa koleo lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Kusokota waya na kuzungushia tepu ni kuahirisha tatizo hadi usiku wa mvua.

Petroli

Funga geji ya presha kwenye mpira unaoingia kwenye reli ya mafuta, bomba linalogawa petroli kwa nozeli. Chomoa waya mdogo wa stata ili injini isizunguke, geuza ufunguo hadi mahali pa kuwashia. Pampu itafanya kazi peke yake. Unataka kama baa 2.5. Rudisha waya, washa injini, na presha ishuke hadi karibu baa 2.1 kwenye sailensa, kwa sababu regyuleta (kirekebishi cha presha) imeunganishwa na manifoldi na huifuata mvuto wake, ili tofauti ya presha kati ya pande mbili za nozeli ibaki ile ile. Chomoa mpira wa mvuto kwenye regyuleta: presha ipande. Unuse mpira huo. Ukinuka petroli, ngozi ya ndani ya regyuleta imepasuka na injini inanyweshwa petroli kwa mlango wa nyuma.

Zima gari, tazama geji. Presha ikianguka mara moja hadi sifuri, kuna valvu isiyoziba kwenye pampu, au nozeli inayodondosha, au regyuleta. Hapo ndipo unapopatikana ugonjwa maarufu wa 280Z: gari likizimwa la moto kwa dakika kumi na tano, linakataa kuwaka vizuri. Nozeli zimekaa juu ya ekzosi, joto hupanda, petroli iliyopoteza presha hugeuka mvuke ndani ya reli. Nissan wenyewe walilitambua, na baadhi ya 280ZX zilizofuata zikafungwa feni ndogo ya kupuliza hewa kwenye nozeli.

Nozeli nazo zina sauti. Weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya kila moja, mpini sikioni. Zote zigonge kwa sauti moja. Iliyo bubu, pima omu zake ikiwa imechomolewa: kati ya 2 na 3. Nozeli hizi hupata umeme kupitia vizuizi vya umeme (rizista) vilivyofungwa kando, hivyo usithubutu kuiwekea moja volti 12 za betri moja kwa moja kwa muda mrefu ili kuijaribu. Koili yake huungua. Na gari lililolala miaka, usiliwashe kwa petroli ya zamani. Kutu ya tenki na ulimbo wa petroli iliyochacha huishia kwenye kichujio kidogo kilicho kwenye mdomo wa juu wa kila nozeli, na kazi ya kuvisafisha vyote sita ni kubwa kuliko kazi ya kusafisha tenki mapema.

Kuhusu mipira ya petroli sina mzaha hata kidogo. Kila nozeli ina kipande kifupi cha mpira, na mipira hiyo ikiwa ya kiwandani imeshapita umri wake mara kadhaa. Hupasuka, na petroli yenye presha ya baa 2.5 hurushwa kwenye ekzosi yenye moto. Magari haya yameungua kwa sababu hiyo. Nunua mpira uliotengenezwa kwa presha ya EFI. Mpira wa kabureta unafanana nao kwa macho tu. Kwa kubana, tumia klipu za aina ya EFI zenye ukingo laini. Zile zenye meno yaliyotoboka hukata mpira. Badilisha yote siku moja, hata kama ni mmoja tu unaovuja.

Hewa isiyohesabiwa

Hapa ndipo ningependa usome polepole, kwa sababu ndipo magari mengi yanapoumia.

Mita ya hewa inahesabu hewa inayopita ndani yake tu. Hewa yoyote inayoingia baada yake, kupitia ufa au gasketi mbovu, huingia bila tiketi. Kompyuta haiijui, haiiongezei petroli, na mchanganyiko huwa mwepesi, yaani petroli pungufu kwa hewa iliyopo. Injini hutetemeka kwenye sailensa, hupiga chafya kupitia manifoldi ukikanyaga ghafla, plagi za cheche hutoka nyeupe. Fundi anayejua kabureta tu hulegeza au kukaza skrubu ya sailensa hadi achoke.

Mahali pa kutazama si manifoldi peke yake. Mpira mkubwa wenye mikunjo ulio kati ya mita na throto hupasuka ndani ya mikunjo. Ukiutazama umetulia unaonekana mzima, ukiuvuta unafunguka kama mdomo. Injini ikijipinda wakati wa kukanyaga, inauvuta hivyo hivyo. Kuna raba za chini za nozeli, ambazo hukauka zikawa kama plastiki. Kuna mpira wa breki, mpira wa kuvuta moshi wa ndani ya injini uliojificha chini ya manifoldi, na kuna sehemu mbili ambazo mtu wa kabureta hatazikumbuka kamwe: kofia ya mafuta ya injini na dipstiki. Moshi wa ndani ya injini hii hurudishwa kwenye manifoldi, hivyo tumbo zima la injini ni sehemu ya njia ya hewa. Gasketi ya kofia ya valvu ikivuja hewa, mchanganyiko unabadilika.

Kutokana na hilo kuna jaribio zuri lisilohitaji chombo chochote. Injini ikiwa inaunguruma kwenye sailensa, fungua kofia ya mafuta. Injini isiyo na ufa itayumba vibaya, pengine izime. Ikiendelea kama kwamba hukufanya kitu, basi hewa ilikuwa tayari inaingia mahali pengine, na ufa ulioongeza haukuleta tofauti. Ninalipenda jaribio hili kwa sababu linamfundisha mtu mfumo mzima kwa sekunde tatu.

Ili kuupata ufa wenyewe, moshi ndio bora: puliza moshi wa presha ndogo kwenye njia ya hewa iliyozibwa, utazame unapotokea. Kupulizia petroli au dawa ya kabureta juu ya injini inayounguruma ili usikie mzunguko ukibadilika ni desturi ya magereji mengi, na ni desturi ya hatari.

Sensa moja yenye uongo mkubwa

Karibu na thamostati kuna sensa ndogo ya shaba yenye pini mbili. Hiyo ndiyo huiambia kompyuta joto la maji. Ikiwa baridi, omu zake ni nyingi. Kwa nyuzi 20 unasoma karibu 2,500, na kwa nyuzi 80 zinashuka hadi karibu 300. Omu nyingi maana yake injini baridi, na injini baridi hupewa petroli zaidi.

Fikiria sasa unga wa kijani umeongeza omu 500 kwenye plagi. Asubuhi hutaona kitu, kwa sababu 2,500 zimekuwa 3,000 na tofauti ni ndogo. Injini ikipata moto, 300 zimekuwa 800. Kompyuta inaamini maji bado hayajapata moto na inamwaga petroli. Mwenye gari anasema, "Asubuhi liko vizuri, likipata moto linaanza kunuka petroli." Maneno hayo ukiyasikia, nenda moja kwa moja kwenye sensa hiyo. Plagi ikichomoka kabisa, kompyuta husoma baridi isiyo na mwisho na injini huzama ndani ya petroli.

Pima kwenye plagi ya kompyuta yenyewe, ile ya pini 35 iliyo pembeni mwa miguu, kwa sababu hapo unapima sensa pamoja na safari nzima ya waya. Jirani na sensa hiyo kuna swichi ya joto ya nozeli ya saba, ile inayonyunyiza petroli ya ziada wakati wa stata kukiwa na baridi. Plagi zake zinafanana, na watu huzibadilishana bila kujua. Katika joto la pwani nozeli hiyo haina kazi kubwa, ila ikianza kudondosha yenyewe inaweza kukusumbua kwa wiki nzima.

Mita ya hewa na mlima wa Nairobi

Sukuma kilango cha mita kwa kidole. Kiende laini na kurudi laini. Pima omu zake kwa mita ya mshale, maana mshale unaonyesha kuruka ambako tarakimu hukuficha. Mahali kilango kinapokaa wakati wa mwendo wa kawaida ndipo njia ya kaboni huchakaa. Kwenye modeli za mwanzo, ndani ya mita hiyo mna pia swichi inayokata pampu injini ikizima, ili gari likipata ajali lisiendelee kumwaga petroli. Hiyo ndiyo sababu ya gari linalowaka kwa stata na kuzima unapoachia ufunguo: swichi haishiki.

Chini ya kifuniko cheusi kuna gurudumu lenye meno linaloshikilia springi. Liache. Kiwanda kililipanga kwa vifaa ambavyo gereji haina. Ukikuta mtu amekwisha kuligusa, na utakuta, weka alama ya mahali lilipo kabla hujafanya lolote.

Kuna jambo moja la mita hii ambalo madereva wa Kenya hulihisi bila kuambiwa. Kilango husukumwa na nguvu ya hewa, na nguvu hiyo haifuatani sawasawa na uzito wa hewa; hewa ikiwa nyepesi, kilango hakifungi kwa kiasi kinachostahili. Ukitoka Mombasa ukapita Voi, Mtito Andei, Emali, hadi Nairobi iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, presha ya hewa imepungua kwa karibu asilimia 18, lakini mita itaripoti upungufu wa nusu ya huo tu. Mfumo una sensa ya joto la hewa, wala hauna ya mwinuko, isipokuwa baadhi ya magari yaliyofungwa swichi maalumu. Matokeo yake mchanganyiko wa Nairobi huwa mzito kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko wa Mombasa. Gari lililotuniwa Nairobi likishuka pwani mchanganyiko wake huwa mwepesi kupita kiasi. Hilo si ugonjwa, na hakuna plagi itakayoliponya.

Baada ya yote hayo, ndipo unaruhusiwa kuishuku kompyuta. Injini ikiwa inaunguruma, gonga kasha lake taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikimisi au kuzima, kuna kiungo cha risasi ya kulehemu (solda) kilichopasuka kwenye bodi. Fundi wa redio mwenye mkono mtulivu hukiunga tena kwa nusu saa.

Kuboresha

Boresho la kwanza lenye maana ni macho. Chomelea kishikizo kwenye bomba la ekzosi, baada ya njia zote sita kukutana, ufunge sensa ya oksijeni ya upeo mpana na geji yake. Kwa mara ya kwanza utaona uwiano wenyewe: 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, kwa uzito, ndio uwiano kamili wa kuungua. Unaweza kuishia hapo na ukawa na gari bora. Wengi huongeza kizuizi cha kuzungusha kwenye waya wa sensa ya maji ili kuongeza petroli kidogo. Kinafanya kazi, kwa hesabu ile ile ya unga wa kijani, ila sikubali kitumike kuficha ufa wa hewa ambao mtu ameshindwa kuutafuta.

Boresho kubwa ni kuiondoa mita ya hewa na kompyuta ya zamani. Kwa wenye mikono yao wenyewe, njia iliyozoeleka ni MegaSquirt ya Bruce Bowling na Al Grippo, au Speeduino ya Josh Stewart, ambayo imejengwa juu ya bodi ya Arduino Mega na michoro yake iko wazi kwa kila mtu. Hizi hurudi kwenye wazo la D-Jetronic: hupima presha ya manifoldi, joto la hewa na kasi ya injini, zikatafuta jibu kwenye jedwali unalolipanga wewe. Zikisoma na presha ya nje, safari ya Mombasa hadi Nairobi hukoma kuwa tatizo.

Ili ziendeshe na cheche pia zinahitaji kujua krenkishafti iko wapi, na hapo koili haitoshi tena. Gurudumu la 36-1 hufungwa mbele ya puli: nafasi 36, kila moja nyuzi 10, jino moja limeondolewa ili kompyuta ijue pa kuanzia kuhesabu. Sensa yake ikikaa mbali sana na meno, au waya wake ukipita karibu na nyaya za plagi, utapata hesabu zinazorukaruka na injini itakata bila sababu inayoonekana. Kwenye magari ya aina hii yanayosumbua baada ya kubadilishwa kompyuta, ningetazama hapo kabla ya kutazama jedwali lolote. Swichi ya throto nayo hubadilishwa kwa sensa inayosoma pembe yote. Nozeli mpya zenye omu 12 hadi 16 hazihitaji vile vizuizi, kwa hiyo viondolewe kwenye njia, na mara nyingi hupimwa kwa baa 3, hivyo regyuleta nayo ibadilike au hesabu ibadilike.

Usifunge kila kitu kwa siku moja. Funga kompyuta mpya iendeshe petroli tu, cheche ziachwe kwa distribyuta ya zamani. Gari likishatembea, ndipo uikabidhi taimingi. Tuni kuanzia chini: kuwaka, kisha sailensa kwenye uwiano wa karibu 13 hadi 14, kisha mwendo wa kawaida karibu na 14.7, na mwisho kabisa kukanyaga hadi mwisho, ambako unataka karibu 12.5 na sikio linalosikiliza kugongagonga. Hatua hiyo ya mwisho ifanyike kwenye mashine ya kupimia nguvu, au barabara tupu ukiwa na mwenzako anayesoma skrini. Dereva asiwe ndiye msomaji.

Mita ya hewa, kompyuta na nyaya zake za zamani uzifunge kwenye mfuko mkavu pamoja na karatasi ya vipimo ulivyochukua: presha, omu za maji kwa nyuzi 20 na 80, omu za kila nozeli. Mfumo uliofanya kazi hadi siku ulipoutoa utakuwa wa thamani kwa mtu mwingine anayehangaika na 280Z yake, na karatasi hiyo itamwokolea wiki nzima ya kubahatisha.